Umbo lililozibwa nusu, macho yakilizoea utalipenda? Namna ya kulipima wenyewe mtaani

Kanga ikivaliwa haionekani yote. Moja imefungwa kiunoni, ya pili iko mabegani au kichwani, mji umeingia kwenye mikunjo, pindo linatokeza upande mmoja, jina linasomeka nusu. Dukani ndo zaidi, pita Darajani au ingia Mchangani, hapa mjini Unguja, utazikuta zimetundikwa zimebanana, ya mbele imeiziba ya nyuma na ya nyuma inachungulia kipembe tu. Sa mtu anapita hapo kila asubuhi anakwenda zake kazini wala hazitazami, alafu siku moja anasimama ananyoosha kidole, nipe ile. Kapenda nini hasa? Kile kipembe alichokuwa akikiona, au kanga nzima ambayo kichwa chake kimeshaimalizia bila ya kumwambia?

Swali hilo linapimika, na halitaki maabara. Linataka karatasi, kompyuta moja yenye pawapointi, stashenari ya jirani na watu 40 wenye dakika ishirini. Nimeandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wa saikolojia wanaotafuta mradi, walimu wa skuli, na mafundi wa kuchora, wawe wa kanga, wa hina au wa nembo za biashara, mana hao riziki yao inategemea macho ya watu.

Kabla ya kushika kalamu

Kuna mambo mawili lazima uyajue, vyenginevyo utapima kitu usichokijua.

La kwanza, kuona mara nyingi peke yake kunaleta kupenda. Alieliweka wazi ni Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliekuwa chuo kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1968. Aliwaonesha watu maneno ya kutunga yenye sura ya Kituruki, na alama zenye sura ya maandishi ya Kichina, na picha za wanaume wasiowajua, vyengine mara 1, vyengine 2, 5, 10 mpaka 25, na vyengine hakuvionesha kabisa. Kilichoonwa sana ndicho kilichosemwa kizuri zaidi, na hakuna zawadi wala maelezo yoyote yaliyoambatana nacho. Mwaka 1980 yeye na William Kunst-Wilson wakaja na kali zaidi, wakaonesha maumbo ya pembe nane kwa milisekunde 1 tu, yani mwale umepita umekwisha. Baadae watu walipoulizwa lipi mlishaliona wakawa wanabahatisha, wakapata asilimia 48. Walipoulizwa lipi mnalipenda, mara 60 katika 100 wakachagua lile la zamani. Kwaiyo mtu anaeza kupenda kitu kwa kuwa alishakiona, na mwenyewe anakula kiapo hajawahi kukiona.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kitu ulichokiona kabla kinapita kichwani kwa wepesi, na ule wepesi unauhisi kama uzuri. Ila una mwisho wake. Tafiti zilizokusanywa na Robert Bornstein mwaka 1989, zaidi ya 200, zilionesha kuwa kupenda kunapanda mwanzo alafu kunachoka, na mkusanyo mwengine mkubwa wa mwaka 2017 umeona vilevile, mstari unapanda kisha unainama. Tena kitu ulichokichukia tokea mwanzo hakiponi kwa kuoneshwa, huenda ukakichukia zaidi.

La pili, jicho linamalizia kilichozibwa. Mtoto wa miezi minne akiona kijiti kimezibwa katikati na boksi, na ncha mbili zinakwenda pamoja, anakichukulia ni kijiti kimoja, hili walilipima Philip Kellman na Elizabeth Spelke mwaka 1983. Kwa mtu mzima kumalizia huko kunachukua kama milisekunde 100 mpaka 200, huwahi hata kujua kama umefanya kazi.

Na sasa ndo tunafika kwenye kiini. Mwaka 1981 Albert Bregman wa Canada alichukua herufi B kadhaa akazikata akaacha vipande. Ukiviangalia vipande hivo kwenye karatasi nyeupe huoni kitu, mikwaruzo tu. Lakini akichora doa la wino pale palipokosekana, vipande ni vilevile hakuongeza hata nukta, ghafla unasoma B, B, B. Manake jicho likiona *kinachoziba* linamalizia, lisipokiona linaviacha vipande kama vilivo. Jaribio letu lote limesimama hapo: tutakuwa na vikundi viwili vinavyoona vipande vilevile kwa idadi ileile, kimoja kinaona doa, chengine hakioni. Tofauti ikitokea haiwezi kuwa imetoka kwenye vipande.

Hatua ya 1: Kuchora maumbo

Chukua daftari la hesabu lenye viboksi. Weka mraba wa viboksi 10 kwa 10, tia nukta 8 ovyo ovyo humo ndani, alafu ziunganishe kwa mistari iliyonyooka kuzunguka mpaka zikutane, paka nyeusi ndani. Umepata pembe nane ya ajabu ajabu ambayo haijawahi kuonekana na mtu. Fanya hivo mpaka ufike 24. Tutabakisha 16, lakini ntakwambia zinavyochujwa.

Usichore nyota, mwezi, moyo, mashua, jani, wala korosho. Hasa korosho. Mtu wa Unguja au Pemba ameiona korosho kwenye kanga ya mamaake kabla hajajua kusema, sa wewe mara zako 10 za kumuonesha zitaongeza nini? Na mwezi na nyota una mapenzi yake mengine kabisa, utapima dini ukidhani unapima macho. Umbo likifanana na kitu chochote, ukimuonesha mtu akasema "hili kama ng'ombe", litoe.

Weusi kwa weupe tu. Rangi ukiitia itakula kila kitu.

Hatua ya 2: Kuliziba umbo vizuri

Hapa ndo pagumu na watu wengi wataparukia, kwaiyo nitakaa kidogo.

Umbo lizibwe kama thuluthi yake. Ukiziba kidogo sana umbo zima linaonekana na huna unachopima, ukiziba sana hakuna cha kumalizia. Pili, angalia *wapi* unaziba. Doa likikaa juu ya pembe ikapotea nzima, jicho halina njia ya kujua pale kulikuwa na pembe, litaunganisha mistari kwa njia yake na litapata umbo jengine. Litamalizia kweli, ila sio umbo lako. Kwaiyo doa likate katikati ya mistari iliyonyooka, mstari uingie chini ya doa upande huu na utokee upande wa pili ukiwa umeelekea kulekule. Kanuni ya waliochunguza mambo haya ni kwamba kingo mbili zinaungana kwa macho pale zikirefushwa zinakutana bila ya kukunja kona kali kuliko pembe mraba. Weka rula ujionee.

Tatu, doa liwe doa. Nimeona watu wanatumia ukanda ulionyooka kwa sababu ni rahisi kuuchora, lakini kwa kikundi cha pili, kile kisichotakiwa kuona kinachoziba, ukanda unaleta balaa. Ukikata umbo jeusi kwa ukanda mweupe juu ya karatasi nyeupe, zile kingo zilizokatwa zimenyooka na zimekaa kwenye mstari mmoja, jicho linauona ukanda mweupe hata kama haukuchorwa. Gaetano Kanizsa wa Italia alishaonesha mwaka 1955 pembetatu nzima inayoonekana mahali pasipo na mstari wowote. Basi kikundi chako cha "hawaoni kinachoziba" kitakuwa kinakiona. Doa lenye mashavu mashavu, limepinda huku limechomoza kule, halina kingo za kujipanga hivo.

Kwa kila umbo tengeneza picha tatu:

- nzima, halijazibwa
- ya doa, doa la kijivu juu ya umbo
- ya vipande, doa lilelile mahali palepale ila limepakwa rangi ya karatasi, kwaiyo kunabaki vipande vyeusi tu

Kwenye pawapointi ni kazi ya kubadilisha rangi ya doa basi.

Hatua ya 3: Kuchuja

Tafuta watu watano au sita ambao hawatokuwemo kwenye jaribio lenyewe. Wape zile picha za doa zimetolewa fotokopi, wape na penseli, waambie wachore mistari inavyopita chini ya doa. Umbo ambalo kila mtu analimalizia kivyake, litupe. Alafu waoneshe maumbo mazima waseme wanayapenda kiasi gani, na yale yanayopendwa mno au kuchukiwa mno nayo yatoe. Bakisha 16.

Usiiruke hatua hii kwa uvivu, bila yake hujui kama umbo lililomo kichwani mwa mtu ndilo utakalomuonesha mwishoni.

Hatua ya 4: Kupanga nani anaona nini mara ngapi

Gawa maumbo 16 kwenye mafungu manne ya manne manne, yaite a, b, c na d. Fungu moja litaoneshwa mara 0, la pili mara 2, la tatu mara 5, la nne mara 10. Ukijumlisha: 4 × (2 + 5 + 10) = slaidi 68. Kila slaidi sekunde 2, alafu slaidi tupu sekunde 1, jumla dakika tatu na nusu hivi. Usipandishe mpaka mara 30 kwa tamaa, mtu atachoka na wewe utapima uchovu.

Lakini ukiacha fungu lilelile ndo linalooneshwa mara 10 kwa watu wote, anaeza kutokea mtu akakwambia hilo fungu lilikuwa zuri tokea mwanzo, na hutokuwa na jibu. Kwaiyo zungusha:

| Toleo | mara 0 | mara 2 | mara 5 | mara 10 |
|---|---|---|---|---|
| 1 | a | b | c | d |
| 2 | b | c | d | a |
| 3 | c | d | a | b |
| 4 | d | a | b | c |

Matoleo manne kwa kikundi cha doa, manne kwa kikundi cha vipande, mafaili 8. Watu 40 ukiwagawa kila faili linapata watu 5. Nani anaingia faili gani iamuliwe kwa vikaratasi vya kuchora kwenye kofia, sio kwa wewe kumtazama mtu usoni.

Slaidi zichanganywe, umbo lilelile lisitokee mara mbili mfululizo. Mchanganyo unafanya kazi kuliko kurundika, hata Bornstein aliliona hilo. Ongeza na slaidi 5 zenye nukta nyekundu tupu, ntakueleza zinafanya nini.

Hatua ya 5: Kuwapata watu na kuwakalisha

Barazani kuna watu, ni kweli, ila usiwapime barazani. Mzee mmoja akisema "hili baya" waliobaki wote watasema baya, na mwengine atakutania na kazi imeishia hapo. Salimu, kaa, eleza, kunywa kahawa yao, alafu waombe mmoja mmoja pembeni. Kwa akina mama mtafute dada au shangazi akupeleke, piga hodi kama kawaida, na usitarajie kumaliza nyumba tatu kwa saa moja kwa sababu kwanza utaulizwa wewe mtoto wa nani. Mwezi wa Ramadhani jioni waachie watu futari yao. Kama ni kazi ya chuo pata kibali cha chuo kwanza, na sheha wa shehia apewe habari. Skuli, wazee wakubali kwa maandishi, na ujue kwamba kwa watoto athari hii imekuwa dhaifu kwenye tafiti nyingi, bora anza na wakubwa.

Mtu akikubali mwambie: kuna picha zitapita, angalia tu, ukiona nukta nyekundu gonga meza. Hiyo nukta ndo inamuweka macho wazi. Usimwambie habari ya kupenda kabisa, wala usitamke neno "zoea", akishajua unatafuta nini atakupa kwa ukarimu wake.

Wasiambiane maswali. Aliemaliza asirudi kwa wenziwe kabla hamjamaliza, mpe kashata akae upande mwengine.

Hatua ya 6: Kuuliza

Zikimalizika slaidi usiulize papo hapo. Muache dakika tano, muulize umri, anaishi wapi, anafanya kazi gani, jaza fomu yako. Kusubiri kidogo kunasaidia.

Alafu muoneshe maumbo 16 mazima, moja moja, yamechanganywa, na kila moja aseme analipenda kiasi gani, 1 mpaka 7. Sasa, kwetu kuna tatizo la adabu. Mtu ni mgeni wako au wewe mgeni wake, atakwambia yote mazuri mwanangu, saba, saba, saba. Ukiliona hilo kwenye majaribio ya mwanzo achana na namba, mpe mawili mawili, moja alilooneshwa mara 10 na moja ambalo hajaoneshwa, uliza "ungechagua lipi lichorwe kwenye mlango wako?" Hapo hawezi kusema yote. Ila ukibadilisha, badilisha kwa watu wote 40.

Mwisho kabisa, baada ya kupenda na sio kabla, uliza lipi anakumbuka kuliona, alafu muulize alidhani unapima nini. Aliegundua muwekee alama.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Kwa kila mtu tafuta wastani wa maumbo yake manne ya mara 0, manne ya mara 2, ya 5, ya 10. Kila mtu ana namba nne. Chora grafu, mstari mmoja wa kikundi cha doa na mmoja wa vipande, uangalie kwa macho yako kabla ya kukimbilia fomula.

Alafu kwa kila mtu toa: wastani wa mara 10 kutoa wastani wa mara 0. Kwenye kikundi cha watu 20, hesabu wangapi wametoka na jibu la juu ya sifuri. Kama kuoneshwa hakufanyi kitu, ni sawa na kurusha sarafu mara 20, na sarafu kukaa upande mmoja mara 15 au zaidi, uwe upande wowote, hutokea kama mara 4 katika 100. Kwaiyo 15 kwa 20 ni ushahidi wa kuutazama, 12 kwa 20 usiende nao popote. Waliotoka sifuri kamili watoe, na hesabu ianze upya kwa idadi iliyobaki, mana ile 15 ni ya watu 20 tu.

Usifanye hivi: kikundi cha doa watu 15, kikundi cha vipande watu 13, ukaandika "doa limeshinda". Hapana. Kulinganisha vikundi kunataka kulinganisha zile tofauti zenyewe. Ziandike tofauti zote 40 kwenye vikaratasi, changanya, gawa 20 kwa 20 kwa bahati, tafuta pengo la wastani, rudia mara nyingi, uone pengo lako la kweli linatokea mara ngapi kwa bahati tu. Kompyuta inarudia mara elfu kwa dakika, au tumia jaribio la t, hesabu ya kulinganisha wastani wa vikundi viwili, lililomo kwenye eksel. Na ujue watu 20 kila upande wanakamata pengo kubwa tu, dogo litapita.

Hatua ya 8: Jibu linasomwaje

Mstari wa doa ukipanda na wa vipande ukalala, una habari nzito: kilichozoeleka sio wino uliokuwepo kwenye skrini, ni umbo zima ambalo hakuna aliyelionesha. Mistari yote miwili ikipanda sawasawa, basi vile vipembe vinavyoonekana vinatosha, kumalizia hakuongezi kitu. Yote ikilala, angalia kwanza kama watu walitoa saba saba, kabla ya kusema nadharia imekufa. Ikipanda mpaka 5 ikashuka kwenye 10, hapo ni kuchoka.

Kuna uwezekano mmoja watu wanausahau, kwamba mtu amezoea umbo *pamoja na doa lake*, na ukimuonesha zima anaona kitu kigeni. Ukishuku hivo tengeneza kikundi cha tatu ambacho mwishoni wanapewa picha za doa badala ya nzima. Miye ningeanza na hicho kama watu wangekuwa 60.

Fundi wa kanga anaetaka kuitumia kwa biashara anabadilisha vitu viwili: badala ya pembe nane achore mapindo mapya ambayo hayajafika sokoni, na badala ya doa aweke kanga nyengine iliyoiziba kama zinavyotundikwa dukani. Azitoe nyeusi na nyeupe, na jina asiliweke, mana mtu akishasoma jina anachagua kwa maneno na pindo halina tena kazi. Na ikiwa mwenzako wa Wete au Chake kule Pemba anataka kurudia, mpe yale mafaili 8 kama yalivo, asihamishe doa hata kidogo, abadilishe watu tu.